Na Mimi!

Mtoto wa miaka mitatu ana maneno mawili anayoyatumia kuliko jina lake mwenyewe: "Na mimi!" Ukishika ufagio, na yeye. Ukichekecha unga, na yeye. Ukifunga mlango, na yeye, hata kama keshaufunga mara tatu na ukafungua ili umridhishe.

Jibu la wengi ni kumtafutia kitu cha kumpumbaza. Anapewa sufuria tupu na mwiko akapigepige kule barazani, na baada ya dakika nne amerudi mlangoni na machozi. Hadanganyiki. Anajua kwamba sufuria yake haina kitu na yako ina kitu. Anachotaka ni kazi yenyewe, hata iwe ndogo ya kumtosha mkononi, mradi ikiharibika na chakula kiharibike kidogo. Raha ya nyumba yenye watoto wadogo iko hapo kwa sehemu kubwa, na bei yake ni nusu saa ya ziada na sakafu ya kufagia.

Chukua maandazi ya Jumamosi, yale ya nazi na iliki ambayo Mombasa na Lamu huyaita mahamri na kuyala na mbaazi. Vipimo vya nyumba ya watu watano ni hivi: unga wa ngano nusu kilo, sukari gramu 90 hivi, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, iliki punje kumi au kumi na mbili, na tui zito la nazi mililita 270 mpaka 300. Tui usilimimine lote kwa mkupuo, kwa sababu unga wa mfuko huu na wa mfuko ule haunywi sawasawa.

Iliki ni kazi ya mtoto. Maganda yake makavu yanapasuka kwa kucha, na vidole vya miaka minne vinatosha kabisa kutoa zile mbegu nyeusi. Atachukua robo saa nzima kwa punje kumi, na hiyo robo saa ndiyo utakayokunia nazi. Kisha mpe kinu kidogo na mchi wake atwange. Asipozifanya laini, hakuna hasara. Vipande vya iliki ndani ya andazi havijamwua mtu.

Kukuna nazi, hapana. Mbuzi ya kukunia ina sura ya kigari cha kuchezea, ya chini, ya kupanda kama farasi, na meno yake yanachana mkono wa mtoto kwa mpigo mmoja. Ukimaliza iinue, iweke juu ya kabati, meno yakiangalia ukutani. Mtoto aingie kwenye kukamua. Mwagia nazi iliyokunwa maji ya vuguvugu, glasi moja, mwache afumbate na kufinya kwa mikono miwili juu ya chujio. Tui la kwanza litatoka kwa nguvu zako, la pili kwa nguvu zake. Ukitumia tui lililolala kwenye friji, utalikuta limeganda juu kama samli; mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Lipashe taratibu huku ukikoroga mpaka lilainike.

Hapo kwenye kupasha ndipo maandazi mengi yanapofia. Tui likiwa la moto sana hamira inakufa, na hamira ikifa donge litakaa saa tatu bila kupanda, nawe utailaumu hamira ya dukani. Chovya kidole: kama usingemwogesha mtoto mchanga kwa joto lile, subiri. Mwonyeshe na mtoto, naye achovye kidole chake safi. Kuna watoto wanaojua joto la tui kabla hawajajua kuhesabu mpaka kumi.

Changanya vikavu kwanza. Mtoto wa miaka miwili anaweza kumimina sukari kutoka kwenye kikombe mradi umekipima wewe. Wa mitatu achekeche unga, na hapa ukubali: theluthi ya unga wa kwanza itaanguka nje ya beseni. Dawa yake ni kutandika sinia pana chini ya beseni na kuweka vyote juu ya mkeka, mtoto akae chini. Kumsimamisha juu ya kiti ili afikie meza ni kuongeza kazi, maana utakuwa unakanda kwa mkono mmoja na kumshika kwa mwingine. Unga ulioangukia siniani unarudi beseni. Kulamba unga mbichi asizoee. Unaweza kuwa na vijidudu vya kuumiza tumbo, navyo haviuawi mpaka unga uive.

Kanda dakika kumi za saa, si dakika kumi za kukisia. Donge likiwa tayari linaachia beseni, na ukilibonyeza kwa kidole linarudi polepole. Kabla hujalifunika, kata kipande cha ukubwa wa limau, umpe mtoto. Hicho ni chake. Usimwambie atengeneze nini.

Dar es Salaam au Mombasa, donge litaumuka kwa saa moja. Njombe au Limuru mwezi wa Julai, weka saa mbili, na donge likae jikoni karibu na jiko lililozimwa. Watoto wanaona ajabu kubwa kwenye jambo hili kuliko sisi tulivyozoea kuona. Liumulie kwenye bakuli la kioo, uweke alama ya mkaa au ya kalamu nje yake, pale donge lilipofika, wawe wanakwenda kuangalia. Wataangalia kila dakika mbili. Kila wakifunua kitambaa joto linatoka, kwa hiyo waambie waangalie kupitia kioo.

Donge likishapanda mara mbili, ligawe madonge manne. Kila moja lisukume liwe duara la upana wa sentimita 18 hivi, unene chini kidogo ya sentimita moja, ulikate msalaba upate pembetatu nne. Jumla kumi na sita. Mtoto wa miaka mitano anakata vizuri kwa kisu butu cha mezani, na wa miaka minne kwa ukingo wa mfuniko wa plastiki. Kosa la kawaida ni kusukuma mpaka liwe jembamba kama chapati: andazi jembamba halina mahali pa kushika hewa, linatoka kama biskuti. Kosa la pili ni unga wa kunyunyizia. Mtoto hupenda kunyunyiza kuliko kitu chochote, na unga ule wa juu unadondoka kwenye mafuta, unaungua, unayatia weusi na harufu. Mpe kijiko kimoja tu kwenye kisahani, kikiisha kimeisha.

Pembetatu zikae dakika 15 zipande tena kidogo. Na sasa mtoto anatoka jikoni. Hapa hakuna mjadala wala "kaa pale pembeni usiguse". Chora mstari wa chaki sakafuni, zaidi ya hatua mbili za mtu mzima kutoka kwenye jiko, na sheria iwe kwamba mafuta yakiwa motoni, ni shangazi au dada mkubwa ndiye anayekaa naye ng'ambo ya mstari. Jiko la mkaa lililo chini ni la hatari zaidi kwa sababu karai liko sawa na kifua chake. Mpini usiangalie njiani. Ikitokea ameungua, maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 nzima, umvue nguo iliyolowa mafuta kama haijashikana na ngozi. Si dawa ya meno, si yai, si unga, si asali, si barafu. Jeraha likiwa usoni, mkononi, sehemu za siri, au likizidi ukubwa wa kiganja chake mwenyewe, nenda hospitali baada ya maji hayo.

Mafuta yapime kwa kipande cha donge cha ukubwa wa punje ya mahindi. Kizame, kisha kiibuke ndani ya sekunde mbili au tatu kikitoa mapovu madogo. Kikikaa chini, mafuta ni baridi na andazi litayanywa. Kikigeuka kahawia papo hapo, punguza moto, la sivyo utapata andazi jeusi nje na bichi katikati. Tia matatu matatu, umwagie mafuta juu kwa kijiko, litavimba kama puto. Mtoto aliye ng'ambo ya mstari ataliona likivimba, na kelele atakayopiga ndiyo uliyoamkia asubuhi yote.

Lile donge lake la ukubwa wa limau kwa sasa ni la kijivu. Limekuwa nyoka, gari, bibi, nyoka tena. Limekandwa mno, limekunywa unga wa mkono na vumbi la mkeka, na limekaza kama mpira. Liache lipumzike dakika kumi, litalegea kidogo. Likaange la mwisho, peke yake, kwa moto mdogo. Litakuwa gumu. Atalila lote, na la kwako hataligusa.

Kuna kazi nyingine za jinsi hii zisizo na moto. Mpira wa matambara, kwa mfano, ambao Tanzania watoto huuchezea chandimu, yaani soka ya mtaani. Zamani ulifungwa kwa mifuko ya rambo, ambayo Kenya huitwa majuala, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania bara Juni 2019, na bila mtu kukusudia, fundi wa miaka saba akakosa malighafi. Sifa ya rambo ilikuwa kubana na kutoloweka. Siku hizi kiini kiwe sponji ya godoro kuukuu iliyofungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ndiyo inayoupa mdundo. Juu yake soksi mbili, ya pili ikipinduliwa upande wa pili. Kisha kamba ya katani au ya mgomba ikipita kama mistari ya tikiti, na kila inapokutana funga fundo. Usiache nafasi kubwa kati ya mistari, guu litanasa. Kwa mtoto wa miaka mitano, upana wa sentimita 12 hadi 15 unatosha. Ukilowa mvua, hesabu siku mbili za jua.

Tiara ni kazi ndefu zaidi, nayo inataka mtu mzima mwenye subira. Pwani wakati wake ni kusi, kuanzia Juni mpaka Septemba, masika yakishapita na upepo ukawa wa kutegemewa. Kaskazi nayo, Desemba mpaka Machi, inarusha vizuri. Kati ya hizo mbili, upepo ukiwa haujajua unakotaka kwenda, fanyeni mpira.

Chomoa chelewa kwenye ufagio mpya, si ule uliokwisha kutumika, maana uliotumika umekauka na unakatika. Chelewa ni nene mwanzoni na nyembamba mwishoni, na hii ndiyo siri ambayo tiara nyingi za watoto zinaikosa. Ukitumia moja kwa mapana, bawa moja linakuwa zito na jingine jepesi, na tiara inalalia upande mmoja maisha yake yote. Chukua mbili, zilaze pamoja, moja shina huku nyingine shina kule, zifunge kwa uzi sehemu tatu. Zimekuwa kijiti kimoja chenye uzito sawa kila upande. Fanya vijiti viwili hivyo: cha wima sentimita 50, cha mapana sentimita 35. Vikutanishe msalaba sentimita 14 kutoka kichwani, ufunge, halafu uweke kidole chini ya msalaba uone kama mabawa yanakaa sawa. Lililozama, likate nusu sentimita. Kupima kwa kidole ni kazi ya mtoto, na huwa hakosei.

Zungushia uzi kwenye ncha zote nne. Ukurasa wa kati wa gazeti, ukiukunjua wote, unatosha kiunzi hiki na kubakiza ukingo wa sentimita mbili wa kukunjia. Gundi ni vijiko viwili vya unga wa ngano na nusu kikombe cha maji, ikorogwe motoni mpaka iwe uji unaong'aa, ipoe. Hapa lazima umbane mtoto kidogo, kwa sababu atapaka gundi ya kujengea ukuta, na karatasi iliyolowa inachanika. Apake kwa kidole kimoja, mstari mmoja. Ikianikwa, ianikwe kwa kuning'inizwa. Ukiilaza sakafuni usiku, mende watakula pale penye gundi, na asubuhi utakuwa na mazungumzo magumu.

Mkia uwe mara tano au sita ya urefu wa tiara, yaani mita mbili na nusu mpaka tatu, wa vitambaa vyembamba vya upana wa vidole viwili; kanga iliyochakaa ni nzuri kuliko kitenge kwa sababu ni nyepesi. Hatamu ni uzi wa sentimita 70 unaofungwa juu na chini ya kijiti cha wima, na uzi wa kurushia unashika hatamu juu kidogo ya msalaba. Mengi yasemwayo kwamba "tiara hii mbovu" ni fundo hilo tu. Ikivuta kwa nguvu lakini haipandi, sogeza fundo nusu sentimita kuelekea kichwani. Ikitetemeka na kuyumba bila kushika upepo, lisogeze kuelekea chini. Ikizunguka kama pia, mkia ni mfupi. Ikipanda kivivu na kushuka kivivu, mkia ni mzito.

Na msikimbie. Mtoto kukimbia na tiara nyuma yake ni picha nzuri, lakini tiara yenyewe inaburuzwa mchangani. Mtu mzima asimame upepo ukimpiga mgongoni, ashike uzi. Mtoto aende mita 15 mbele, ashike tiara juu ya kichwa chake, uso wa tiara ukutazame, asubiri upepo uje. Ukija, unasema "achia!" naye anaachia. Kazi ya kuachia ni kubwa kuliko inavyoonekana, na mtoto wa miaka minne hujifunza kusikiliza upepo unavyokuja juu ya mchanga kabla haujamfikia. Ikishatulia juu, mpe uzi, lakini uwe umezungushiwa kopo au chupa tupu, usizungushiwe kidoleni kamwe. Uwanja usiwe na nyaya za umeme karibu, uzi usiwe na metali ndani yake, na wingu la mvua likionekana mnashusha. Ikinasa kwenye waya, imekwenda, tengenezeni nyingine.

Siku ikiisha hivyo, kuoga kunakuwa kufupi na usingizi uko karibu, ila mtoto hatakubali. Ndipo vitendawili vinapofaa, na umeme ukiwa umekatika ndiyo bora zaidi, maana mnaweza kuanza na vivuli. Weka tochi ya simu mita moja na nusu kutoka ukutani. Mkono ukiwa karibu na ukuta kivuli ni kidogo na kimekatika vizuri. Ukiuleta karibu na tochi, sungura anakuwa jitu lenye ukungu kingoni. Mtoto akigundua hilo mwenyewe, mwache, usimweleze.

Kisha: "Kitendawili!" "Tega!" Kwa wa miaka minne anza na vile ambavyo jibu lake liko chumbani au amelishika leo. "Nyumba yangu haina mlango": yai. "Kila niendapo ananifuata": kivuli, na bado kipo ukutani. "Kuku wangu katagia miibani" subirini mpaka siku mtakayonunua nanasi, aliguse kwanza. "Huku ng'o na kule ng'o" ni giza, lakini kwa wengine hicho si cha usiku. Kinawafanya waangalie chini ya kitanda.

Mtoto akishindwa, mdai mji kama desturi inavyotaka. Atakupa Tanga au Kigoma, au atakupa "kwa bibi", na kwa bibi ni mji. Umeuchukua, umekula ulivyokula huko, ndipo utoe jibu.

Baada ya vitano au sita atataka kutega yeye. Hapo ndipo pa kukaa vizuri, kwa sababu kitendawili chake kitakuwa hivi: "Nina kitu changu, cha kijivu, kigumu, nimekula." Utaona jibu kutoka mbali. Usilitaje. Kuna kufikiri kidogo, kuna kusema "jiwe?", kuna kusema "sabuni?", na kuna kukubali kwamba umeshindwa na kumpa mji. Mpe mji mkubwa, wenye bahari. Usimpe huu mnaokaa, mtalala wapi.